Aristide Cavaillé-Coll, Fundi Aliyeyapa Makanisa Pumzi

Wanakwaya wa parokia zetu humfahamu vema Mtakatifu Sesilia, na kila ifikapo tarehe 22 Novemba humwadhimisha kwa nyimbo na matamasha. Wapo wanaoyajua majina ya watunzi, na wachache humkumbuka hata mpiga kinanda aliyewafundisha noti za kwanza. Fundi aliyekitengeneza kinanda chenyewe ni nadra kutajwa. Kazi yake huingia kanisani kabla ya watu, ikakaa juu ya vichwa vyao kwa miaka mia moja au zaidi, ikasikika katika ubatizo, ndoa na mazishi ya vizazi ambavyo yeye hatavijua. Makala hii yamhusu fundi mmoja wa namna hiyo, Mkatoliki wa Ufaransa wa karne ya 19, ambaye wajuzi wengi wanaona hakupata mshindani katika zama zake. Jina lake ni Aristide Cavaillé-Coll.

Msomaji aliyezoea kinanda cha umeme cha parokiani kwake, chenye spika pembeni na vitufe vya kubadili sauti, aelewe kwanza kwamba habari hii ni ya chombo kingine. Katika kinanda cha mabomba, ambacho wengine hukiita ogani, kila noti ina bomba lake, la mti au la mchanganyiko wa risasi na bati. Bomba refu laweza kufikia mita kumi, na mlio wake husikika kifuani kuliko masikioni. Lile dogo kabisa ni fupi kuliko kidole cha mtoto. Mivukuto, ambayo zamani ilivutwa kwa nguvu za watu, husukuma hewa ndani ya makasha ya mti yanayobeba mabomba hayo. Mpigaji anapobonyeza, tundu hufunguka, hewa hupita, na bomba hulia. Mabomba ya sauti ya namna moja hupangwa katika safu yake, hivyo kinanda chenye sauti 100 kina maelfu ya mabomba. Majina ya filimbi na tarumbeta tunayoyaona kwenye vinanda vyetu vya umeme yameazimwa huko. Kwa ufupi, chombo hiki huimba kama binadamu aimbavyo, kwa pumzi. Na katika jambo hilo la pumzi ndipo Cavaillé-Coll alipoacha alama yake.

Ufundi aliurithi, tena chanzo chake kilikuwa utawani. Katika karne ya 18 Bradha Joseph Cavaillé, wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, alifanya kazi ya vinanda kusini mwa Ufaransa pamoja na mtawa mwenzake Jean-Esprit Isnard, yule ambaye jina lake limebaki katika kinanda mashuhuri cha Saint-Maximin, huko Provence. Bradha Joseph alimfundisha Jean-Pierre, mtoto wa ndugu yake. Jean-Pierre akavuka milima ya Pirenei kwenda kutafuta kazi Katalunya, na huko akamwoa Françoise Coll. Mwana wao Dominique aliyaunganisha majina ya baba na mama, ndipo likapatikana jina hilo refu la Cavaillé-Coll. Aristide, mwana wa Dominique, alizaliwa Montpellier tarehe 4 Februari 1811.

Wakati huo haukuwa mwema kwa watu wa kazi hiyo. Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789 yalikuwa yameyafunga makanisa na kuzitaifisha mali zake, na vinanda vingi vilibomolewa ili mabomba yake yayeyushwe kwa ajili ya madini. Kanisa lililorudishiwa jengo lake mara nyingi lilikuta kuta tupu. Fundi wa vinanda aliishi kwa kukarabati mabaki, akahama mji hata mji na kuvuka mpaka kila kazi ilipokosekana upande mmoja. Familia ya Dominique iliishi hivyo. Aristide alipata elimu ndogo ya shule, na akiwa kijana alikuwa tayari akifanya kazi na baba yake katika kinanda cha Kanisa Kuu la Lérida, Hispania. Baadaye, Toulouse, alijitafutia mwenyewe elimu ya hesabu aliyoikosa utotoni.

Kipaji chake kilianza kuonekana hukohuko Toulouse, na kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza lilikuwa msumeno wa duara wa kupasulia mbao, alioubuni ili kurahisisha kazi ya karakana. La pili lilikuwa chombo kidogo cha vibonyezo kilichotoa sauti kwa vipande vyembamba vya madini vitikiswavyo na hewa, ndugu wa hamoniamu ambayo wamisionari walikuja kuisambaza duniani kote. Mtunzi Gioachino Rossini wa Italia, aliyekuwa na sifa kubwa wakati ule, alipita Toulouse mwaka 1832, akakisikia chombo hicho, akamhimiza kijana aende Paris.

Aliwasili Paris mwezi Septemba 1833, akiwa na umri wa miaka 22 na barua za kumtambulisha kwa wataalamu wa fizikia na muziki. Katika kuwatembelea watu hao alipata habari kwamba serikali inashindanisha mafundi kwa ajili ya kinanda kipya cha Basilika ya Saint-Denis, mahali walipozikwa wafalme wa Ufaransa, na kwamba muda wa kupeleka mapendekezo ungekwisha siku chache zijazo. Washindani wake walikuwa na karakana Paris na majina yaliyojulikana, ilhali yeye hakuwa hata na meza ya kuchorea. Alijifungia akafanya kazi mchana na usiku kwa muda wa siku zipatazo tatu, akachora mpango mzima wa kinanda na kuandika hesabu zake. Tarehe 2 Oktoba 1833 kamati ilimpa kazi hiyo.

Uamuzi huo wastahili kutazamwa tena. Katika kamati walikuwamo wanazuoni na wanamuziki wenye heshima, na njia rahisi kwao ilikuwa kumpa kazi mkongwe wa mjini, ambaye kama angeshindwa hakuna angewalaumu. Walisoma michoro ya mgeni wa kusini wakakubali kushawishika nayo. Ni jambo lisilotokea mara nyingi, serikalini wala kanisani.

Dominique na kaka mkubwa, Vincent, walihamia Paris kuungana na Aristide. Kilichofuata kitaeleweka na kila aliyewahi kukaa katika kamati ya ujenzi ya parokia. Basilika ilikuwa katika ukarabati, ukarabati ukachelewa, na kinanda hakiwezi kuwekwa chini ya paa ambalo halijakamilika. Mwaka uliingia mwingine ukatoka. Familia ilijikimu kwa kazi nyingine, kama kinanda cha kanisa la Notre-Dame-de-Lorette kilichokamilika mwaka 1838. Kinanda cha Saint-Denis kilizinduliwa Septemba 1841, takribani miaka minane baada ya ushindi ule.

Kucheleweshwa huko hakukuwa hasara tupu. Vinanda vikubwa vilikuwa na kasoro ya zamani: kadiri sauti zilivyoongezwa, ndivyo vibonyezo vilivyokuwa vizito, kwa kuwa kidole cha mpigaji kilipaswa kuishinda nguvu ya hewa katika matundu mengi kwa pamoja. Mpigaji aliyefungulia sauti zote za kinanda kikubwa alihitaji misuli ya seremala. Mwingereza Charles Spackman Barker alikuwa amebuni kimvukuto kidogo kilichoiacha hewa yenyewe ifanye kazi hiyo nzito, kidole kikabaki na kazi ya kuamuru tu. Kwao Uingereza hakupata wa kuupokea uvumbuzi wake, naye akavuka bahari kuja Ufaransa. Cavaillé-Coll aliuona, akaufahamu, akauweka Saint-Denis. Kijana ambaye angeweza kuukataa kwa wivu, maana haukuwa wake, aliupa nafasi ya kwanza duniani ya kuonekana katika kinanda kikubwa. Kuanzia hapo ukubwa wa kinanda haukuwa tena adui wa wepesi wa mikono.

Tatizo la pili lilikuwa la pumzi yenyewe, na hapa msomaji avumilie maelezo ya ufundi kidogo. Katika vinanda vya kale hewa yote ilikuwa na msukumo mmoja. Mabomba makubwa ya sauti nzito yaliimeza hewa nyingi, na yale madogo ya sauti nyembamba yakabaki dhaifu, hivyo wimbo ulipopanda juu, nguvu ilipungua pale hasa ilipotakiwa kuongezeka. Mpigaji alipobonyeza noti nyingi kwa ghafula, chombo kizima kilitetemeka kama mwimbaji aliyeishiwa pumzi katikati ya mstari. Cavaillé-Coll alitenganisha hazina za hewa. Noti za chini akazipa msukumo wa kiasi, za juu akazipa mkubwa zaidi, na kila sehemu akaitengea akiba yake ya kutosha. Alitengeneza pia mabomba ya filimbi yenye urefu maradufu na tundu dogo karibu na katikati, yakatoa sauti ya mviringo na yenye nguvu ambayo mabomba ya kawaida hayakuwa nayo. Sehemu nyingine ya mabomba aliifungia ndani ya chumba cha mti chenye milango inayoendeshwa kwa mguu, mpigaji akaweza kuifanya sauti ikue na kufifia kidogo kidogo.

Mambo haya hakuyafanya kwa kubahatisha. Aliyapima, akayaandika, akayapeleka mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris. Mwanafizikia Léon Foucault alipotaka kupima kasi ya mwanga mwaka 1862, alihitaji kioo kizungushwe kwa hewa isiyobadilika msukumo hata chembe, na mivukuto ya kazi hiyo ilitengenezwa na Cavaillé-Coll. Foucault alipata kilomita 298,000 kwa sekunde, hesabu iliyo karibu sana na ile inayokubalika leo. Pumzi iliyotunzwa kwa ajili ya ibada ilikuwa imara kiasi cha kuaminiwa na maabara.

Baada ya Saint-Denis kazi zilifuatana: kanisa la Madeleine mwaka 1846, Saint-Vincent-de-Paul mwaka 1852, Sainte-Clotilde mwaka 1859. Katika kanisa hilo la mwisho César Franck alikuwa mpiga kinanda mpaka alipofariki mwaka 1890, na muziki alioutunga kwa ajili ya chombo hicho ungali unapigwa kila pembe ya dunia. Lakini kazi inayomweleza fundi wetu kuliko zote ni ile ya kanisa la Saint-Sulpice.

Kanisa hilo la parokia, upande wa kusini wa mto Seine, lilikuwa na kinanda cha mwaka 1781 kilichojengwa na François-Henri Clicquot, fundi mkuu wa enzi iliyotangulia. Cavaillé-Coll alikabidhiwa kazi ya kukifanya upya. Alikuwa katika kilele cha sifa yake, na mwingine mahali pake angeyayeyusha mabomba ya mzee yule ili chombo chote kibebe chapa yake. Yeye aliyasikiliza. Mabomba mengi ya Clicquot aliyahifadhi, akayasafisha, akayapanga pamoja na yake, kisha akajenga juu ya urithi huo kinanda cha sauti 100 na safu tano za vibonyezo. Kilizinduliwa mwaka 1862, na kilikuwa miongoni mwa vinanda vikubwa kabisa duniani. Humo ndani zimo ngazi na ghorofa. Fundi anayekitunza hutembea kama mtu aliye ndani ya nyumba. Albert Schweitzer, daktari wa Lambaréné nchini Gabon na mpiga kinanda hodari, alimfahamu Cavaillé-Coll katika uzee wake, naye ametuachia kumbukumbu ya fundi huyo akisisitiza kwamba mabomba yasisongamane, yaachiwe nafasi ya mtu kupita katikati yake.

Yapo malalamiko dhidi yake ambayo si haki kuyaruka. Walikuwapo, na wangali wapo, wanaosema kwamba vinanda vyake viliingiza jumba la opera ndani ya kanisa. Malalamiko hayo yana msingi. Paris ya katikati ya karne ile ilipenda makubwa, na wapigaji wengine waliwafurahisha waamini kwa kuigiza ngurumo na tufani wakati wa ibada, au kwa kupiga nyimbo zenye mahadhi ya ukumbi wa dansi. Louis Lefébure-Wély, aliyekuwa mpiga kinanda wa Saint-Sulpice tangu 1863, aliijua sana sanaa hiyo ya kupendeza umati, na ukweli ni kwamba umahiri wake ulimsaidia Cavaillé-Coll kuuza vinanda.

Hata hivyo fundi mwenyewe alitaka kitu kingine zaidi, na hilo twalijua kwa matendo yake. Alipomsikia Jacques-Nicolas Lemmens wa Ubelgiji akipiga kazi za Johann Sebastian Bach kwa utulivu na usahihi, alitambua kwamba huko ndiko vinanda vyake vilikopaswa kuelekea. Akaanza kuwashawishi vijana wa Kifaransa waende Brussels kusoma kwa Lemmens. Mmoja wao alikuwa Alexandre Guilmant. Mwingine Charles-Marie Widor, mtoto wa mpiga kinanda wa Lyon aliyekuwa rafiki wa familia. Lefébure-Wély alipofariki siku ya mwisho ya mwaka 1869, Cavaillé-Coll aliutumia ushawishi wake wote ili nafasi ile apewe Widor, kijana wa miaka 25. Wapigaji wa Paris walinung'unika. Parokia ikampokea kwa muda tu, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Inasimuliwa kwamba hakuna aliyewahi kumthibitisha rasmi. Alikaa miaka 64, mpaka mwisho wa mwaka 1933.

Swali la opera na kanisa lilijibiwa na Kanisa lenyewe baadaye. Papa Mtakatifu Pio wa Kumi, katika hati yake juu ya muziki mtakatifu ya Novemba 1903, aliikubali ogani lakini akaiwekea mipaka: uimbaji ndio wenye nafasi ya kwanza, na kinanda kiutegemeze bila kuufunika. Miaka 60 baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia, uliagiza kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana katika Kanisa la Kilatini, na papo hapo ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa kwa matumizi matakatifu, mlango ambao kwetu ngoma na kayamba ziliingilia. Kipimo ni kilekile kwa vyote. Mpigaji wa kwetu anayepandisha sauti ya spika hata maneno ya zaburi yasisikike anatenda kosa la wale wa Paris waliopiga tufani wakati wa sadaka, na kosa hilo fundi wa kinanda hawezi kulizuia. Awezacho ni kutengeneza chombo kinachojua pia kunong'ona, na Cavaillé-Coll alikitengeneza. Katika kinanda cha Saint-Sulpice zimo sauti laini zinazosikika tu pale watu wanaponyamaza kabisa.

Mwaka 1868, tarehe 6 Machi, kilizinduliwa kinanda chake cha Kanisa Kuu la Notre-Dame de Paris, chenye sauti 86, katika jengo ambalo Viollet-le-Duc alikuwa amelikarabati kwa miaka mingi. Msomaji wa Tanzania ataukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine: ndio mwaka ambao mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo. Ni Kanisa lilelile la Ufaransa, lililokuwa limeporwa karibu kila kitu miaka 80 kabla, likijenga upya sauti yake nyumbani na wakati huohuo likituma watu ng'ambo.

Kwa jumla zilitoka mikononi mwake na mwa watu wake kazi zipatazo 500, kubwa na ndogo. Nyingi zilikuwa vinanda vya kiasi kwa makanisa na vikanisa vya kawaida, ambavyo hakuna mwandishi aliyevisifu. Nyingine zilikwenda nje ya Ufaransa, kama zile za kumbi za Sheffield na Manchester nchini Uingereza. Mwaka 1875 alichapisha mpango wa kinanda kikubwa mno kwa ajili ya Basilika ya Mtakatifu Petro, Roma, akafikia hata kuutengenezea mfano mdogo. Kinanda hicho hakikujengwa.

Sasa tufike kwenye sehemu ya maisha yake isiyofurahisha. Cavaillé-Coll hakuwa mfanyabiashara. Alijulikana kwa kutoa zaidi ya kilichoandikwa katika mkataba. Alipoona sauti fulani ingependeza zaidi kwa kuongeza safu ya mabomba, aliiongeza. Alipoona kazi iliyokwisha kukubaliwa na mteja haijamridhisha yeye, aliirudia, na gharama ikabaki kwake. Alitumia madini bora na mbao zilizokaushwa kwa miaka, kwa bei ambayo washindani wake waliishusha kwa kupunguza vyote viwili. Vita ya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, pamoja na kuzingirwa kwa Paris, ilisimamisha kazi kwa muda. Tangu hapo karakana yake ya barabara ya Maine ilisifiwa sana ilhali fedha zilikuwa shida. Mke wake, Adèle, alikuwa amekwisha kufariki, na mwanawe Gabriel, aliyeufahamu ufundi, aliondoka kuanzisha biashara yake mwenyewe, ambayo haikudumu.

Je, alikosea? Mhasibu atasema ndiyo, na wafanyakazi wanaotegemea mshahara wa mwisho wa mwezi wana haki ya kumsikiliza mhasibu. Fundi anayejipunja huwapunja pia walio chini yake, hilo halikwepeki. Lakini lipo upande wa pili, ambao kamati zetu za ujenzi hazipendi kuusikia. Kanisa linalopokea zaidi ya lilicholipia, likajua, likanyamaza, lina deni. Mafundisho ya Kanisa juu ya ujira wa haki hayaishii kwenye mlango wa sakristia. Ni mara ngapi twamwita seremala, mwashi au mpiga kinanda, twamwambia kazi hii ni ya Mungu, na kwa maneno hayo twakata nusu ya malipo yake? Cavaillé-Coll alitoa kwa hiari, na sadaka ya hiari ni yake. Hiari hiyo haimpi mwingine ruhusa ya kuidai.

Mwaka 1890, akikaribia miaka 80, alikamilisha kinanda cha kanisa la Saint-Ouen, Rouen, ambacho Widor alikizindua, na ambacho wengi hukihesabu kuwa taji la kazi zake. Msikilizaji asiyejua historia hawezi kutambua humo kwamba aliyekijenga alikuwa mzee mwenye madeni. Kisha nguvu ziliisha. Mwaka 1898 karakana ilipita mikononi mwa Charles Mutin, mwanafunzi wake wa zamani, na mzee akabaki bila mahali pa kufanyia kazi aliyoifanya tangu utotoni. Alifariki Paris tarehe 13 Oktoba 1899, akiwa na miaka 88, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. Miaka 30 baadaye binti yake Cécile na mwanawe Emmanuel walichapisha kitabu cha maisha yake, na sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya ujana wake yatoka humo.

Vinanda vyake vimepata bahati tofauti. Kile cha Sheffield kiliteketea kwa moto mwaka 1937. Vingine viligeuzwa kufuata mitindo iliyokuja baadaye, mabomba yake yakatupwa na watu waliodhani wanaboresha. Kile cha Saint-Sulpice kimebaki karibu kama alivyokiacha. Kile cha Notre-Dame kilipanuliwa mara kadhaa katika karne ya 20, kikafikia mabomba yapatayo 8,000, ila kiini chake kingali ni chake.

Tarehe 15 Aprili 2019, Jumatatu ya Juma Kuu, paa la Notre-Dame lilipoungua na mnara kuanguka, wengi walidhani kinanda nacho kimekwisha. Moto haukukigusa, na maji ya zimamoto hayakukidhuru sana. Kilichokipata ni vumbi la risasi kutoka kwenye paa lililoyeyuka, nalo liliingia kila mahali. Mafundi walikifungua, wakayashusha mabomba, wakayasafisha, wakayarudisha, kisha wakaanza kazi ya kuyapatanisha sauti, ambayo ilifanyika usiku, wakati wajenzi wengine wamekwenda kulala, kwa kuwa kazi hiyo yataka ukimya.

Kanisa Kuu lilifunguliwa tena jioni ya tarehe 7 Desemba 2024. Askofu Mkuu Laurent Ulrich alisimama akakielekea kinanda kilichokuwa kimya kwa zaidi ya miaka mitano, akakiita kiamke. Alikiita mara nane, na mara nane kikamwitikia.